Vumbi la Fahali Wawili

Waswahili husema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii husikika zaidi pale panapozungumzwa habari za utawala, za biashara na za nyumba yenye wakubwa wawili, na aghalabu mazungumzo huishia hapohapo: mmoja hana budi kuondoka ili zizi litulie. Lakini mbinguni yapo mazizi ambamo fahali wawili hukaa pamoja kwa maelfu na maelfu ya miaka. Hawatulii, wala hakuna anayeondoka. Kila wakaribianapo hupambana, na katika mapambano yao hutimka vumbi. Wanafalaki wamekuwa wakilifuatilia vumbi hilo tangu miaka ya 1970, na wamebaini kuwa si taka ya kupangusa. Ni miongoni mwa mali ghafi ambazo kwazo hujengwa nyota mpya na sayari zinazozizunguka.

Swali linalozuka hapo si la wanafalaki peke yao. Ikiwa kitu chenye manufaa kinazaliwa na mgongano, je, mgongano wenyewe umehalalika kwa sababu ya mazao yake? Tangu zamani wapo waliojibu kwamba umehalalika. Heraclitus wa Efeso, zaidi ya miaka mia nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alifundisha kuwa ugomvi ndio asili ya mambo yote. Katika karne ya 19, mataifa ya Ulaya yalipokuwa yakigawana bara la Afrika, walikuwapo wanazuoni waliodai kwamba kupigana na kushindana ndiyo sheria ya maumbile, na kwamba anayekandamizwa hana wa kumlalamikia isipokuwa maumbile yenyewe. Hata leo, penye vita hakukosekani mtu wa kusema kuwa bila ya damu hakuna taifa, na bila ya kuvunja hakuna kujenga. Wote hao huyaita maumbile kuwa shahidi wao. Basi inafaa shahidi huyo asikilizwe mpaka mwisho wa ushahidi wake, kwani ushahidi uliokatwa katikati hauna tofauti na uongo.

Kwanza ni vyema kulitazama vumbi lenyewe. Katika maisha ya kila siku neno hili limebeba dharau. Kitabu kisichosomwa hupigwa na vumbi; aliyeachwa nyuma katika mbio hutimuliwa vumbi; na mwenye kiburi hukumbushwa kwamba alitoka katika udongo na ndiko atakakorejea. Vumbi la angani nalo liliwahi kudharauliwa. William Herschel, mwanafalaki mashuhuri wa karne ya 18, alipoona mabaka meusi katikati ya nyota alidhani ni matundu, yaani mahali ambapo hakuna kitu. Ilipofika mwaka 1930 Robert Trumpler alionesha, kwa kuyalinganisha makundi mengi ya nyota, kwamba nuru yake hufifia njiani kwa kuzuiwa na kitu kilichotanda baina ya nyota na nyota. Mabaka yale hayakuwa matundu. Yalikuwa mawingu yaliyochanganyika na chembe ndogo mno, nyingi zikiwa hazifikii hata sehemu moja ya elfu ya milimita, za kaboni na za madini yanayofanana na yale ya mawe na mchanga.

Kazi za chembe hizo ni kubwa kuliko umbo lao. Atomu za haidrojeni zikiwa peke yake angani hukutana kwa nadra, na zikikutana hushindwa kushikana. Lakini juu ya uso wa chembe ya vumbi hupata mahali pa kutua, zikaungana na kuwa molekuli. Mawingu yenye molekuli hizo ndiyo yanayozaa nyota. Vumbi huyakinga mawingu hayo na mionzi mikali, huyasaidia kupoa, na nyota changa ikishawaka chembe zinazoizunguka hugandamana kidogokidogo mpaka zikawa mawe, na mawe yakawa sayari. Dunia nayo ilijengwa hivyo, kiasi cha miaka bilioni 4.5 iliyopita. Kwa hiyo anapoambiwa mtu kuwa ametokana na vumbi, maneno hayo ni habari ya asili yake kabla hayajawa onyo.

Vumbi hili hutoka wapi? Vyanzo vyake ni vingi. Nyota za wastani zinapozeeka huvimba, ngozi yao ikapoa, na vumbi likafanyika katika upepo wake wa taratibu. Nyota kubwa zinazolipuka nazo hutoa vumbi. Hayo hayashangazi sana, kwani vumbi huhitaji ubaridi na msongamano: gesi ipoe mpaka chini ya nyuzi 2,000 hivi, na atomu ziwe karibukaribu kiasi cha kushikana. Kinachoshangaza ni chanzo cha tatu, ambacho kwa mizani ya kawaida kisingepaswa kuwapo.

Mwaka 1867, katika Kituo cha Unajimu cha Paris, Charles Wolf na Georges Rayet waliona katika kundi la Cygnus nyota tatu ambazo nuru yake ilikuwa na sura ngeni. Baadaye ilikuja kufahamika kwamba nyota za aina hiyo, zilizopewa majina yao, ni nyota kubwa zilizokwisha kuvuliwa nguo. Tabaka lake la nje la haidrojeni limekwisha kupeperushwa, na kilichobaki wazi ni kiini chenye heliamu na, katika aina moja yao, kaboni na oksijeni nyingi. Uso wake una joto la makumi ya maelfu ya nyuzi, ilhali uso wa Jua haufiki nyuzi 6,000. Kutoka katika uso huo huvuma upepo wa gesi kwa kasi ya kilomita elfu moja hadi elfu tatu kwa sekunde, na kila mwaka nyota ya aina hii huweza kupoteza maada yenye uzito wa Dunia tatu. Hapo ni tanuri juu ya tanuri. Kutafuta vumbi katika upepo huo ni sawa na kutafuta umande ndani ya moto wa chokaa. Na bado vumbi limepatikana.

Siri ilianza kufichuka kwa nyota iitwayo WR 140, iliyomo katika kundi hilohilo la Cygnus, umbali unaopita kidogo miaka 5,000 ya nuru. Wanafalaki waliokuwa wakipima mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho waligundua kwamba nyota hiyo hung'aa ghafla katika mionzi hiyo, kisha ikafifia polepole, na baada ya miaka karibu minane ikang'aa tena. Mwaka 1990 Peredur Williams na wenzake walichapisha maelezo ya kina ya tabia hiyo. WR 140 si nyota moja. Ni mbili: moja ni ya kundi la Wolf na Rayet, yenye kaboni, na uzito wake ni kiasi cha mara 10 ya uzito wa Jua, mwenzake ni nyota changa zaidi kwa hali, ya buluu na yenye moto mkali, uzito wake ukiwa karibu mara 30 ya Jua. Huzungukana kwa njia iliyorefuka mno, mithili ya yai lililovutwa, na mzunguko mmoja huchukua miaka 7.94. Zikiwa mbali kabisa, baina yake pana kiasi cha mara 26 ya umbali wa Dunia na Jua. Zikikaribiana, umbali hupungua ukawa kama mara moja na nusu tu.

Kila moja ya nyota hizo ina upepo wake, na pepo hizo mbili hukutana uso kwa uso. Mwaka 1991 Vladimir Usov alieleza namna mkutano huo unavyoweza kuzaa vumbi. Zinapogongana, gesi hupata joto la makumi ya milioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Katika hatua hiyo hakuna chembe inayoweza kufanyika. Lakini pale nyota zinapokaribiana gesi huwa nzito, na gesi nzito hulitoa joto lake haraka kwa njia ya mionzi. Ikishatoa joto hunywea, na ikinywea hubanwa zaidi, mpaka msongamano wake ukaongezeka maelfu ya mara. Ndani ya utando huo uliobanwa, nyuma ya ukuta unaozuia mionzi mikali, atomu za kaboni hupata kile ambacho hazikukipata popote katika nyota iliyozizaa: ubaridi, kivuli na ujirani. Hapo hushikana, zikawa vumbi.

Ushahidi wa macho ulikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1999 Peter Tuthill, John Monnier na William Danchi walitangaza picha za nyota nyingine, WR 104, iliyomo katika buruji ya Kausi, zilizopigwa kwa darubini ya Keck kule Hawaii. Vumbi lake lilijipinda likawa kama kititia, kile kigurudumu cha ukuti ambacho watoto hukimbia nacho kikizungushwa na upepo. Na lilikamilisha mzunguko wake kwa muda wa miezi minane hivi. Mzunguko huo ulikuwa ni alama ya nyota mbili zinazozungukana huku vumbi likichirizika kutoka mahali zinapopambana. Kisha, Julai 2022, darubini ya anga ya James Webb iliielekea WR 140. Picha zilizotolewa Oktoba mwaka huo na Ryan Lau na wenzake zilionesha maganda ya vumbi yasiyopungua 17, moja ndani ya jingine, kama miviringo ndani ya shina la mti. Kila ganda ni kumbukumbu ya mkutano mmoja. Kwa kuwa mikutano hiyo hupishana kwa miaka karibu minane, la nje kabisa katika hayo lilizaliwa zaidi ya miaka 130 kabla. Picha nyingine ya Septemba 2023 ilipolinganishwa na ile ya kwanza, ilionekana wazi kwamba maganda yamesogea: yanakimbia kwa zaidi ya kilomita 2,600 kwa sekunde, karibu sehemu moja katika mia ya mwendo wa nuru. Matokeo hayo yalitangazwa Januari 2025.

Huo ndio ushahidi wa maumbile. Anayeufupisha husema: nyota mbili ziligongana pepo zake, vumbi likapatikana, na vumbi ni mwanzo wa sayari; kwa hiyo mgongano ni mama wa uhai. Lakini ushahidi haukusema hivyo. Ukisikilizwa taratibu unasema mambo manne, na kila moja humpunguzia mtetezi wa vita hoja yake.

La kwanza ni kwamba mgongano haukuumba kaboni. Kaboni ilipikwa ndani ya nyota, katika kiini chake, kwa viini vitatu vitatu vya heliamu kuungana na kuwa kimoja, kazi iliyochukua maelfu mengi ya miaka bila ya kishindo wala mtazamaji. Mgongano uliikuta kaboni ikiwa tayari. Kadhalika taifa linalosemekana kuzaliwa na vita, likichunguzwa, huonekana kuwa lilikuwa limekwisha kupikwa: kwa lugha iliyosemwa sokoni, kwa ndoa zilizounganisha mitaa, kwa walimu waliofundisha watoto alifu kwa ujiti, kwa wakulima na wavuvi walioaminiana kwa mikopo isiyoandikwa. Vita vinapokuja huyakuta hayo, vikayakusanya mahali pamoja, kisha vikadai ubaba wa mtoto ambaye havikumlea.

La pili ni kwamba kishindo peke yake hakitoshi. Kanuni za fizikia zaonesha kuwa gesi ya namna hii ikipigwa na wimbi la mshtuko bila ya kupoteza joto, haiwezi kubanwa kuzidi mara nne ya msongamano wake wa awali, hata mshtuko ungekuwa mkubwa namna gani. Kuongeza nguvu ya pigo huongeza joto tu. Kile kinachoipandisha gesi kutoka mara nne hadi mara maelfu ni kupoa kwake. Vumbi, kwa hiyo, si mtoto wa pigo. Ni mtoto wa utulivu uliofuata baada ya pigo, pale joto lilipopata njia ya kutoka. Wanaosifu mapambano kwa mazao yake husahau kuwa mapambano yasiyopata nafasi ya kupoa hayajawahi kuzaa kitu isipokuwa joto zaidi. Zipo jamii ambazo zimepigana miaka arobaini, na kila pigo likaongeza hamaki, wala hapana hata chembe moja ya neema iliyofanyika. Na zipo zilizopigana kidogo, zikakaa chini, zikasema yaliyokuwa yakiunguza nyoyo, na hapo kitu kikaanza kushikana.

La tatu ni umbali. Katika anga la kusini, nyota ya Gamma Velorum huonekana kwa macho matupu, hata kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Ni jozi ya aina ileile: nyota ya Wolf na Rayet yenye kaboni, na mwenzake wa buluu. Lakini hizo hukaa karibu mno, huzungukana kwa siku 78 na nusu tu, na jozi hiyo haikujulikana kuwa mzalishaji wa vumbi. Pepo zake hupambana kila siku, zikiwa ndani ya mwangaza mkali wa nyota zenyewe, mahali pasipo na nafasi ya chembe kupoa. Kwa upande mwingine, WR 140 ikiwa katika sehemu ya mbali ya mzunguko wake, gesi huwa nyepesi mno na vumbi halifanyiki. Katika miaka karibu minane, miezi ya kutoa vumbi kwa wingi ni michache. Hivyo maumbile hayakusema kwamba ugomvi huzaa. Yamesema kwamba baadhi ya makutano, kwa umbali fulani na kwa muda fulani, huzaa, na mengine mengi hayazai kitu.

La nne ni kivuli. Chembe za kwanza ni dhaifu. Mionzi ya nyota zilizozizaa ingezivunja mara moja. Huokoka kwa sababu ya wingi wa gesi iliyozitangulia na kuzifunika. Yaani hata katika uwanja wa fahali, kilicho kichanga hakikui kwa kuachwa uchi mbele ya wakubwa. Hukua kwa kukingwa.

Hapa huenda msomaji akaona kuwa jambo limekwisha: maumbile yameshuhudia upande wa amani, na watetezi wa vita wameshindwa kesi. Lakini huko nako kungekuwa ni kukosea kwa njia nyingine. Hoja iliyotolewa na wapenda vita haikuwa mbovu kwa sababu ya kuzisoma vibaya nyota peke yake. Ilikuwa mbovu pia kwa sababu ya kuzifanya nyota kuwa makadhi. David Hume, katika kitabu chake cha mwaka 1739 na 1740, alitanabahisha kwamba waandishi wengi huanza kwa kueleza mambo yalivyo, kisha, bila ya kutoa sababu, hujikuta wanaeleza mambo yanavyopaswa kuwa. Hatua hiyo haina daraja. Hata kama kila chembe ya vumbi ulimwenguni ingezaliwa kwa pigo tupu, bila ya kupoa wala kivuli, bado isingefuata kwamba mtu ana haki ya kumpiga mwenzake.

Tofauti iliyopo ni moja, nayo ni kubwa kuliko mbingu yenyewe. Methali nyingine husema kuwa wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika zizi la WR 140 hakuna nyasi. Pepo mbili zinapogongana kwa kasi ya kilomita elfu tatu kwa sekunde, hakuna mama anayelia, hakuna mtoto anayekosa shule, hakuna mzee anayefukuzwa katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Mwaka 1843 nyota iitwayo Eta Carinae, nayo ni jozi ya nyota kubwa, iling'aa katika ule mlipuko wake mkuu hata ikaipita Suheli na kuwa ya pili kwa mwangaza miongoni mwa nyota zote za usiku. Na anga la kusini la Unguja, zama za Sayyid Said, lilikuwa nayo. Katika mlipuko huo ilimwaga maada yenye uzito unaozidi mara 10 ya Jua, pamoja na vumbi jingi. Ukali huo haukumdhulumu yeyote. Dhuluma huanza pale penye mwenye kudhulumiwa. Anayetoa mfano wa nyota ili kuhalalisha maumivu ya watu ameacha nje ya mfano wake kitu kimoja, nacho ndicho kinachobishaniwa.

Yabaki swali gumu zaidi, ambalo halihusu wanaotaka kupigana kesho bali wanaoishi leo kwa sababu ya mapigano ya jana. Zanzibar na pwani nzima ya Afrika Mashariki zina watu wengi ambao wazee wao waliletwa na biashara ya utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar iliondolewa mwaka 1897. Lakini ndoa zilizokutanisha watu wa Nyasa, wa Manyema na wa visiwani zilikuwa zimekwisha kufungwa, na watoto wamekwisha kuzaliwa. Mjukuu wa mjukuu wa ndoa hiyo, lau biashara ile isingekuwapo, asingekuwapo yeye. Je, anawajibika kuishukuru? Akiilaani, je, hajilaani mwenyewe?

Jibu limo katika kutenganisha mambo mawili ambayo ulimi huyachanganya: kufurahia kilichozaliwa, na kuridhia kilichokizaa. Anayefurahia uhai wake anafurahia kaboni iliyopikwa kwa muda mrefu: upole wa bibi aliyetiwa pingu na bado akawaimbia watoto wake, lugha iliyowapokea wageni na kuwafanya wenyeji, mikono iliyopanda minazi ambayo haikutarajia kula tunda lake. Hayo hayakutoka kwa mwenye soko. Mwenye soko alileta pigo tu, na pigo, kama ilivyoonekana, huleta joto. Waliolipoza joto hilo ni wengine, na shukrani ni yao. Kwa hiyo mjukuu anaweza kusema kwa kinywa kimoja, bila ya kujipinga, kwamba anafurahi kuwapo na kwamba lililotendeka lilikuwa uovu ambao mtu mwenye haki angeuzuia kama angeweza, hata ikiwa kwa kuuzuia huko yeye asingezaliwa. Kauli hiyo ni nzito kuitamka, lakini haina kasoro katika mantiki. Inataka tu mtu aache kujiona kuwa ni malipo ya mateso ya watu wengine. Hakuna mtu aliye malipo. Mateso yale hayakulipwa, wala hayatalipwa kwa furaha ya waliokuja baadaye, kwa vile walioteswa hawakuulizwa.

Kutokana na hayo wajibu nao hubadilika sura. Aliyezaliwa baada ya mgongano hadaiwi kuusifu mgongano. Anadaiwa kuendeleza kupoa. Katika jamii iliyopitia fitina, pale wajukuu wa upande mmoja na wa upande mwingine wanapokaa baraza moja, kazi yao si kuamua ni fahali yupi alikuwa na pembe za haki zaidi ndipo waanze kuishi. Haki hutafutwa, na ukweli husemwa, maana joto lisilopata njia ya kutoka halipoi bali hufichika. Lakini ukweli husemwa ili joto litoke, si ili liongezwe. Na wachanga hufunikwa wasirithi mionzi ya ugomvi ambao hawakuuwasha.

Waswahili husema pia kuwa moto huzaa jivu, na husema hivyo kwa masikitiko, wakimkusudia mzazi hodari aliyepata mtoto dhaifu. Kwa kipimo cha moto, jivu ni upungufu: haling'ai, haliunguzi, halitishi. Na vumbi la WR 140 kwa kipimo cha nyota zake nalo ni jambo dogo. Hata hivyo nyota zile mbili zitakwisha. Zote ni kubwa, na nyota kubwa umri wake ni mfupi. Maganda 17 yaliyoonekana yamekwisha kuziacha mbali, nayo yanaendelea kupoa kadiri yanavyokwenda. Baadhi ya chembe zake huenda zikaingia katika wingu ambalo halijawa nyota bado, na huko zikawapa atomu wageni mahali pa kutua. Mkulima anayejua kazi yake halitupi jivu. Hulipeleka shambani, na hafanyi hivyo kwa kuusifu moto.